Rangi ya Trekta Haishiki Juu ya Kutu

Matrekta mengi ya zamani yangali yakilima katika Kenya, na miongoni mwao yamo yale ya Massey Ferguson 135, ambayo yalianza kuundwa mwaka 1964. Injini ya trekta kama hilo ikitunzwa hudumu miaka mingi, lakini boneti na madigadi huliwa na kutu. Ndipo mwenyewe hununua kopo la rangi nyekundu akalipaka siku ileile. Trekta hung'aa kama jipya. Lakini masika yakiisha, rangi imefura malengelenge na kubanduka. Uzuri wa mkakasi, wasema wahenga, ukipata maji basi.

Ubaya si wa rangi, bali ni wa chuma kilicho chini yake. Kutu hushika unyevu, nayo huendelea kula bati hata ikifichwa. Hapana budi kuiondoa mpaka chuma cheupe kionekane.

Kazi ya kwanza ni kuondoa grisi na mafuta, wala si kupiga msasa. Maana msasa ukipita juu ya grisi huisukuma ndani ya mikwaruzo, na rangi haishiki mahali penye mafuta. Chuma kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisuuzwe vizuri, kisha kikaushwe. Petroli isitumiwe kamwe, kwa kuwa mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu.

Baadaye hufuata brashi ya waya, kisha msasa mkali, halafu msasa laini. Mikwaruzo midogo inayobaki si kasoro. Ndiyo inayoipa rangi mahali pa kushika.

Hapa pana hatari moja. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Kwa hiyo rangi kuukuu isisuguliwe ikiwa kavu, bali ilowanishwe kwanza, na chuma kikaushwe mara moja. Fundi avae miwani, na kifuniko cha pua na kinywa kinachochuja vumbi. Watoto na kuku wawekwe mbali, na takataka zote zizolewe, zisiachwe uani.

Chuma kikiisha kuwa cheupe, kisiguswe kwa mikono mitupu, maana jasho lina chumvi nalo huleta kutu. Kifutwe kwa kitambaa safi chenye thina, kisha kipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Kikilala wazi usiku mmoja, umande utakirudishia kutu. Na pwani, penye upepo wa chumvi, hata saa chache ni nyingi. Wakati ufaao ni asubuhi umande ukiisha kukauka, wala si jioni chuma kinapoanza kupoa. Tena rangi ya kwanza peke yake si kinga ya mvua. Yapasa ifunikwe kwa rangi ya juu kwa muda ulioandikwa katika kopo.

Kupaka rangi ni kazi ya saa chache, bali kutayarisha chuma huweza kuchukua siku mbili au tatu. Mkulima anayeziona siku hizo kuwa ni hasara, na aulize kwanza bei ya boneti mpya.