Fahamu: Mafundi wa Jua Kali na Uhaba wa Ujuzi Mpya

Uhaba wa ujuzi, yaani hali ambapo kazi ipo lakini mwenye maarifa yanayotakiwa hapatikani, unawagusa moja kwa moja mafundi wa jua kali wa Lindi, mtaani Kibera, na wa Kawangware, waliozoea kusafisha kabureta na plagi za pikipiki za petroli, kwa kuwa pikipiki ya umeme haina hata kimoja kati ya hivyo, na hitilafu yake husakwa kwa kupima volti za betri na kukagua kidhibiti, kifaa kinachoongoza umeme unaokwenda kwenye mota.

Kikwazo kingine, nacho ni kizito zaidi, ni cheti, hasa kwa wanaofunga paneli za jua. Kanuni za Kenya za umeme wa jua za mwaka 2012 ziligawa leseni za mafundi katika madaraja 3, T1 hadi T3, zinazodai cheti, hivyo aliyejifunza kwa kumsaidia fundi mkuu huweza kufunga paneli vizuri na bado akakosa kibali. Ndiyo maana utambuzi wa ujuzi wa awali, utaratibu wa kumpima mtu kwa anachoweza kufanya bila kujali alikojifunzia, ambao nchi ilizindua sera yake mwaka 2024, unastahili kuharakishwa, mradi ada zake zisimshinde kibarua.

Uhaba huo wa ujuzi upo pia katika kazi za mtandaoni, ambako mpango wa serikali wa Ajira Digital umefundisha vijana tangu 2016, lakini mafunzo hayo hayampi mhitimu kompyuta wala bando.