Asili ya mlowezi Stephen Hopkins ilivyofichuliwa na majina ya wanawe

WAHENGA walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, kuisaka asili ya mtu aliyevuka bahari miaka 400 iliyopita ni kazi inayoweza kumpotosha hata mtafiti hodari, kama kinavyobainisha kisa cha mlowezi Stephen Hopkins.

Hopkins alikuwa miongoni mwa abiria 102 waliosafiri kwa meli ya Mayflower kutoka Uingereza mwaka wa 1620 na kuanzisha makazi ya Plymouth, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Massachusetts, Marekani. Aliandamana na mkewe, Elizabeth, na watoto watatu: Constance, Giles na Damaris. Wa nne alizaliwa baharini, akaitwa Oceanus.

Hopkins alifariki mwaka wa 1644. Kwa muda mrefu, vitabu vya nasaba vilishikilia kwamba alitoka Wotton-under-Edge, kaunti ya Gloucestershire, na kwamba mkewe wa kwanza alikuwa Constance Dudley. Dai hilo liliegemea zaidi kufanana kwa jina, likanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu.

Ikumbukwe kwamba mnamo 1538 makanisa ya parokia nchini Uingereza yaliamriwa kuweka sajili za ubatizo, ndoa na mazishi. Sajili hizo ni hazina kwa mtafiti, lakini pia ni mtego, kwa kuwa watu watatu katika parokia tatu wanaweza kuwa na jina moja.

Ilikuwa hadi mwaka wa 1998 ambapo mtafiti Caleb Johnson alichapisha ushahidi tofauti. Badala ya kumwandama baba peke yake, aliisaka familia nzima.

Katika kijiji cha Hursley, kaunti ya Hampshire, sajili zilimtaja Stephen Hopkins pamoja na watoto Elizabeth, Constance na Giles. Constance alibatizwa mwaka wa 1606, naye Giles mapema mwaka wa 1608. Mama yao, aliyeitwa Mary, alizikwa huko mwaka wa 1613.

Jina moja laweza kufanana kwa sadfa. Lakini baba na watoto wawili, ambao majina na umri wao unaoana na wa abiria wa Mayflower, si jambo la kupuuzwa.

Utafiti uliofuata ulielekeza kwenye parokia ya Upper Clatford, pia Hampshire, ambako Stephen, mwana wa John Hopkins, alibatizwa Aprili 30, 1581.

Hivyo, waliokuwa wakijivunia nasaba ya Dudley kupitia kwa Hopkins walilazimika kuifuta. Ni kutokana na hatari kama hiyo ambapo chama cha wazao wa abiria wa Mayflower, kilichoundwa mwaka wa 1897, humtaka kila anayeomba uanachama athibitishe kila kizazi kwa stakabadhi, kuanzia kwake mwenyewe hadi kwa abiria husika.