Tiba ya Uraibu Gerezani na Siku za Kwanza Uraiani

Mraibu wa heroini anapotiwa mahabusu hukosa dawa ghafla, na kabla siku mbili hazijapita arosto huwa imeshamshika: anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, usingizi hauji. Baada ya wiki hivi maumivu hupungua, na ndugu na askari humwona amepona. Hajapona. Hamu ingali kichwani, ilhali mwili umepoteza uwezo wa kuhimili kipimo alichozoea. Akitoka na kurudia kipimo kile kile, pumzi hukatika.

Ndiyo maana hatari kubwa iko nje ya lango. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa katika wiki mbili za kwanza uraiani, uwezekano wa mfungwa wa zamani kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 ya ule wa wakazi wengine. Tangu hapo fentanili, yenye nguvu mara 50 hivi kuliko heroini, imeenea mitaani nchini humo.

Jimbo dogo la Rhode Island lilianza kulikabili jambo hili mwaka 2016. Huko mahabusu na wafungwa wote wako chini ya idara moja, kwenye magereza ya mji wa Cranston. Kila anayeingia huulizwa kuhusu uraibu, na anayehitaji tiba huchagua pamoja na daktari dawa inayomfaa: methadoni, ile ile inayotolewa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2011, ambayo hunywewa kila siku, buprenofini, inayoyeyushwa chini ya ulimi, au naltreksoni, sindano ya mara moja kwa mwezi. Mbili za kwanza huzuia arosto na kutuliza hamu. Ya tatu huzuia heroini isifanye kazi mwilini. Aliyeingia akiwa tayari kwenye tiba haachishwi, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu magereza mengi ya Marekani yalikuwa yakiikata siku ile ile.

Lakini dawa ya ndani pekee haitoshi. Shirika linalotoa tiba gerezani Cranston, CODAC, lina kliniki pia mitaani, hivyo anayetoka leo anaweza kunywa kipimo chake kesho mahali ambapo jina na faili lake vinajulikana. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2016, watu 26 waliokufa kwa kuzidisha dawa jimboni walikuwa wametoka gerezani karibuni. Kipindi kama hicho mwaka 2017 walikuwa 9.

Ugumu mkubwa uko kwa mahabusu. Mfungwa hujua tarehe yake ya kutoka. Mahabusu anaweza kupata dhamana mchana na jioni akawa mtaani, bila miadi, bila nauli, bila pa kulala. Kwa hiyo maandalizi yafaa yaanze siku anayoingia: miadi ya kliniki, makazi, na naloksoni ya kupulizia puani, ambayo humrudishia pumzi aliyezidisha. Ndugu nao wafundishwe kuitumia, maana aliyezimika hawezi kujipulizia mwenyewe.

Kikwazo kingine ni fedha. Tangu mwaka 1965, Medicaid, bima ya serikali ya Marekani kwa watu wa kipato cha chini, hailipii matibabu ya walio kifungoni, isipokuwa wanapolazwa hospitali ya nje. Januari 2023 California ikawa jimbo la kwanza kuruhusiwa kuitumia kugharimia baadhi ya huduma, zikiwemo dawa za uraibu, hadi siku 90 kabla ya mtu kuachiwa.