Je, Wajua? Mchanga wa Shela na Kisigino cha Mkimbiaji

Je, wajua kwamba kukimbia kwenye mchanga laini hula nguvu takriban mara 1.6 kuliko kukimbia kwenye ardhi ngumu? Watafiti wa Ubelgiji walichapisha vipimo hivyo mwaka 1998. Kutembea ndiko huzidi: mara 2.1 hadi 2.7. Mchanga hutitia chini ya wayo, na nguvu ambayo ingesaidia hatua inayofuata hupotelea humo. Anayetoka Shela, kisiwani Lamu, kuelekea Kipungani ana pwani ya kilomita 12 hivi mbele yake. Akishika mchanga mkavu, kilomita zake 5 hazilingani na kilomita 5 za barabarani, na ratiba yake ya mazoezi yafaa iandikwe hivyo.

Je, wajua kwamba maji kupwa na kujaa ni jambo la kitabibu kwa mkimbiaji wa Lamu? Maji yakipwa, mchanga uliolowa hushikamana, na hapo mbio huwa nyepesi. Lakini ufuo una mteremko. Mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwenzake, nyonga huinama upande, na goti moja hubeba hitilafu hiyo kwa maelfu ya hatua. Goti likiuma upande mmoja tu, angalia kwanza njia unayopita. Ukienda kwa ufuo na kurudi kwa ufuo uleule, kila mguu hupata zamu yake. Wengi huenda kwa ufuo wakarudi kwa barabara, kisha wakalaumu viatu.

Je, wajua kwamba mojawapo ya tiba mashuhuri za kisigino ilitoka kwa daktari aliyekuwa anaumwa mwenyewe? Håkan Alfredson, mpasuaji wa mifupa wa Umeå nchini Uswidi, alisumbuliwa na kano kuu ya kisigino, ile nene inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Alitaka kupasuliwa, akakataliwa. Basi akaanza kuipa kano ile mzigo makusudi ili izidi kuharibika, madaktari wapate sababu ya kumpasua. Badala ya kuharibika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kawaida waliofuata zoezi hilo kwa wiki 12. Wote walirudi kukimbia.

Zoezi lenyewe linataka ngazi tu, na nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu hazikosi ngazi. Simama kwa ncha ya wayo kwenye kidato, inuka kwa mguu mzima, kisha shusha kisigino polepole kwa mguu unaouma hadi kipite usawa wa kidato. Mara 15, raundi 3 goti likiwa limenyooka. Raundi 3 nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni. Hiyo ni mara 180 kwa siku. Ni kazi, na inachosha moyo kabla ya kuchosha mguu, maana wiki za mwanzo maumivu bado yapo. Wanaoacha huacha hapo. Laiti wangejua kwamba kano hujengeka taratibu kuliko msuli, na kwamba mapumziko matupu huidhoofisha.

Je, wajua kwamba ukisimama baharini maji yakikufika kiunoni, miguu yako hubeba karibu nusu tu ya uzito wako? Yakifika kifuani, hubeba karibu thuluthi. Ndiyo sababu mkimbiaji aliyeumia anaweza kuanza tena kwa kutembea majini wiki kadhaa kabla ya kurudi nchi kavu. Chagua mahali patulivu, si kwenye mkondo.

Je, wajua kwamba Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza mwaka 1978 ushauri wa kuweka barafu kwenye jeraha la michezo, baadaye alikiri kwamba barafu huweza kuchelewesha kupona? Hupunguza maumivu, hilo ni kweli.

Je, wajua kukanda kunafanya nini hasa? Pwani yetu inaijua kazi hii tangu zamani, kwa mafuta ya nazi au ya simsim. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kukanda hupunguza kidogo maumivu ya misuli baada ya mazoezi na kuongeza kidogo ulaini wa viungo, lakini hakuongezi nguvu wala pumzi. Mkandaji mwema ana nafasi yake. Mazoezi ya nguvu yana yake, na ni kubwa zaidi. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2014, wenye majaribio 25 na washiriki zaidi ya 26,000, ulionyesha kwamba mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha ya michezo hadi chini ya thuluthi.

Hata mashua za mashindano ya Lamu zina wanariadha wa kustahimili. Mwenye kushika demani, ile kamba ya tanga, na anayeegemea nje ya chombo kukizuia kisipinduke hutumia mabega na kiuno, kwa hiyo misuli inayoshika kombe la bega ndiyo ya kuimarishwa kabla ya msimu.

Je, wajua kwamba John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, alirudi? Mwaka 1970 huko Edinburgh alimaliza wa 5 katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Na Eliud Kipchoge, aliyekimbia masafa ya marathoni huko Vienna kwa saa 1:59:40 tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa na mtaalamu wake wa tiba ya viungo, Mkenya mwenzake Peter Nduhiu.

Je, wajua kwamba Kenya ina sheria ya wataalamu wa tiba ya viungo tangu mwaka 2014, na baraza la kuwasajili? Una haki ya kuuliza leseni.

Na hili usilipuuze: maumivu ya ugoko unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanayokuamsha usiku, huenda ni mfupa ulioanza kupasuka. Usikandwe, usikimbie. Nenda hospitali.