MATEMBEZI MEPESI OLTEPESI: ZIWA LISILO NA MAJI

Akina mama wa kikundi kimoja upande wa Oltepesi walituuliza swali. Wanaona magari ya wageni yakiteremka barabara ya Magadi kila Jumamosi. Wengine husimama, wananunua shanga kidogo, halafu huyo, wameenda. Wakasema: sisi hatuna hoteli, hatuna gari, hata friji ya kuweka soda baridi hatuna. Sasa tutapata nini kwa hao watu?

Jibu letu ni kwamba mnayo njia ya miguu, na mnaijua. Mtu aliyekaa ofisini wiki nzima anataka kutembea kama saa mbili mahali pasipo na magari, aonyeshwe vitu, anywe chai, arudi kwake salama. Huyu hakuja kupanda mlima wa Olorgesailie. Amekuja na watoto, pengine na nyanya yao. Basi matembezi yake lazima yawe mepesi, na hapo ndipo kazi ilipo.

ZIWA LIKO WAPI?

Mgeni atauliza hivyo, kwa sababu atakuwa amesikia habari ya ziwa. Mwonyesheni ule udongo mweupe kwenye kingo za makorongo, mweupe kama unga. Udongo huo ni mabaki ya mimea midogo sana ya majini isiyoonekana kwa macho. Ilikufa, ikazama, ikalundikana chini ya maji kwa muda mrefu mno. Kwa hivyo mkitembea hapo mnatembea chini ya ziwa. Lilikuwa likijaa na kupungua, majivu ya volkano yakaanguka juu yake, ardhi ya Bonde la Ufa ikapasuka na kushuka, na mwishowe maji yakaisha.

Watu wa kale waliishi kando ya maji hayo. Mwaka wa 1942 Louis na Mary Leakey walikuta mashoka ya mawe yametapakaa kwa wingi, na tangu 1947 mahali hapo pamefunguliwa kwa wageni. Leo panasimamiwa na Makumbusho ya Taifa. Kuna njia ya mbao iliyoinuliwa, na mawe yamelala chini yake vile vile yalivyokutwa. Wataalamu wanasema mengine yana umri wa miaka laki tano na mengine yanafika milioni moja na zaidi. Mwaka wa 2018 walitangaza pia vifaa vidogo vya miaka kama 300,000, vilivyotengenezwa kwa jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Jiwe hilo halipatikani pale. Lililetwa kutoka mbali, mahali pengine kilomita 25, pengine hadi 95. Yaani watu walikuwa wakibadilishana vitu hata wakati ule! Wageni hupenda sana habari hiyo.

Wapo watakaouliza hesabu hizi za miaka zinapatanaje na kitabu cha Mwanzo. Mwelekezi aseme wataalamu wanavyosema, amwachie kila mtu imani yake, na asibishane na mgeni juani. Ndani ya eneo la makumbusho kuna kiingilio na wafanyakazi wao wa kuongoza. Kikundi kisijifanye mwenye mahali pale. Kazi yenu ni nje yake, na ni vizuri kwenda kuongea nao mapema ili mpelekeane wageni.

JIWE LIKAE PALE LILIPO

Hapa tunasema kwa ukali kidogo. Mashoka ya mawe hayako ndani ya ua la makumbusho peke yake. Mvua ikinyesha, korongo lolote laweza kutoa moja. Tumeona mtoto akilileta jiwe la namna hiyo kwa mgeni, akitaka shilingi hamsini. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataka kitu kama hicho kiripotiwe, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Lakini hata bila sheria, fikirini: jiwe likiwa chini, mtaalamu atajua lilikuwa kwenye tabaka gani, karibu na mifupa ya mnyama gani. Likishaingia mfukoni ni jiwe tu. Na mgeni wa wiki ijayo hatakuwa na la kuona. Waelezeni watoto nyumbani na shuleni, kama Yoshua alivyotaka watoto waelezwe maana ya yale mawe ya Yordani.

KIVULI NDICHO NJIA

Jina lenyewe Oltepesi ni mti, ule mgunga wenye kichwa bapa kama mwavuli. Msipange njia kwa kufuata barabara, pangeni kutoka mti hadi mti. Chini ya kila mti mkubwa mgeni anapumzika na kusikia jambo moja: hapa mbuzi hula maganda ya mbegu wakati wa kiangazi nyasi zikiisha, huu ni oiti, miiba yake ikikushika rudi nyuma pole pole usivute, huu ni oremit, mswaki, chukua kijiti kidogo ujaribu. Ndege nao ni wengi, hondohondo mwenye mdomo wa manjano, kwezi wa rangi ya buluu na machungwa. Digidigi na nyani mtawaona bila kuwatafuta.

Sasa, miti hii ndiyo pia makaa. Hatutawahubiria watu wenye njaa kuhusu makaa, tunajua karo ya shule inalipwaje. Lakini kikundi kikiamua njia, wakubaliane na wenye ardhi kwamba ile miti kumi au kumi na mbili ya njiani haikatwi. Gunia linauzwa mara moja. Na kwa kuwa mashamba mengi Kajiado yamegawanywa, mwenye hati miliki lazima aulizwe, na apate kitu kidogo. Siku akiweka waya bila nyinyi kujua, matembezi yamekwisha.

SAA, MAJI NA MAKORONGO

Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwe mmerudi kabla ya saa tatu na nusu. Jioni anzeni saa kumi na nusu. Mwandishi huyu aliwahi kutoka na vijana wa kanisa saa tano mchana, kila mmoja na chupa moja ndogo, na msichana mmoja akaanguka kwa jua. Tulimbeba hadi barabarani kwa leso. Sitarudia. Kilomita tatu au nne zinatosha, kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji, kofia, na viatu vilivyofungwa kwa sababu ya miiba na nyoka. Mwelekezi mmoja mbele, mwingine nyuma kabisa.

Wingu likiwa jeusi upande wa Ngong, msiingie korongoni hata kama kwenu kumekauka. Maji hutoka juu na kuja kwa ghafla.

Anayetaka ziwa lenye maji aendelee hadi Magadi, mwendo wa gari. Kule kuna flamingo, na samaki wadogo wa jamii ya tilapia wanaoishi penye chemchemi za moto. Ni pazuri, ila magadi huganda juu kama sakafu na mguu unaweza kutumbukia. Msipeleke mtu bila mwenyeji wa kule.

PESA

Vikundi vingi huvunjikia hapa. Tuseme wageni ni 8, kila mmoja analipa shilingi 300, jumla 2,400. Waelekezi wawili 800, chai na maziwa 500, mwenye ardhi 400. Zinabaki 700 za sanduku la kikundi. Andikeni mbele ya wote, mtoe risiti, na M-Pesa iwe ya kikundi, sio simu ya mwenyekiti. Shanga ziuzwe mwisho, wageni wakiwa wameketi na chai, na asiwepo wa kuwafuata njiani akiwavuta mkono.

Kabla ya kuita mgeni yeyote, fanyeni jaribio. Mchukueni nyanya mmoja wa kijijini na mtoto wa miaka saba, tembeeni nao njia yote kwa saa. Nyanya akiomba kuketi kabla ya kufika mti wa tatu, fupisheni njia.