Kufunika Kombe Diskini

Ipo amri fupi ya Linux ambayo mafundi wa kompyuta wameizoea mno: dd, inayochota sifuri kutoka /dev/zero na kuzimimina juu ya baiti 512 za mwanzo wa diski. Inamalizika kabla kidole hakijainuka kwenye kibodi. Mashine ikiwashwa tena, diski inaonekana nyeupe kabisa, haina patisheni wala folda, na programu ya kusimika mfumo mpya inaihesabu yote kuwa nafasi wazi. Kwa muuzaji wa kompyuta za mtumba mwenye haraka, au ofisi inayotoa mashine zake kuukuu, hapo kazi imekwisha. Waswahili wana jina la kazi ya namna hiyo: kufunika kombe mwanaharamu apite. Kilichofutwa ni ramani, na nyumba zote zilizochorwa kwenye ramani hiyo bado zimesimama na watu wake ndani.

Tuanze na hesabu, maana hapa hesabu ndiyo shahidi mkuu. Mpangilio wa zamani uitwao MBR, uliokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, unakaa wote katika sekta ya kwanza ya diski. Kati ya baiti zake 512, baiti 446 ni za programu ndogo ya kuamsha mashine, 2 za mwisho ni alama ya utambulisho, na 64 zilizobaki ndizo jedwali lenyewe: mistari minne ya baiti 16, kila mmoja ukisema patisheni inaanzia wapi, ina urefu gani na ni ya aina gani. Basi. Hakuna picha, barua wala jina la mteja hata mmoja katika baiti hizo 64. Diski ya terabaiti moja ina baiti trilioni moja, na aliyezifuta hizo 64 ameziacha nyingine zote kama alivyozikuta. Tena kwenye diski za siku hizi, zenye mpangilio wa GPT, amri hiyo ya baiti 512 haifiki hata kwenye jedwali. Sekta ya kwanza ya GPT ni kiraka tu, kilichowekwa ili programu za zamani zisidhani diski haina mwenyewe. Jedwali halisi linaanza nyuma yake, kwa kawaida likiwa na nafasi ya patisheni 128, na nakala yake ya pili imehifadhiwa mwishoni kabisa mwa diski. Ndiyo maana waliotengeneza sgdisk waliweka chaguo la --zap-all, linalofuta mwanzo na mwisho kwa pamoja. Na wipefs, ambayo jina lake linamfanya mtu adhani inafagia kila kitu, imeandikwa waziwazi katika mwongozo wake kwamba haifuti mfumo wa faili wala data nyingine yoyote. Inaondoa alama za utambulisho tu. Linux haijamdanganya mtu hapa. Imetii amri kama ilivyotolewa, na tafsiri ya ziada ni ya mtumiaji.

Atakayepinga atasema ramani ikishapotea, mnunuzi wa kawaida hatajua pa kuanzia. Hoja hii ingekuwa na uzito kama mifumo ya faili ingekuwa bubu. Lakini kila mmoja unajitangaza wenyewe: ext4 huweka alama yake mahali panapojulikana mwanzoni mwa patisheni, kisha hutawanya nakala za bloku yake kuu (superblock) ndani ya diski. TestDisk, programu ya bure ya Christophe Grenier, hupita diskini ikitafuta alama hizo na kulichora upya jedwali lililofutwa. Ndugu yake PhotoRec haihitaji jedwali wala mfumo wa faili, kwa kuwa picha ya JPEG ina baiti zake za mwanzo zinazotambulika popote ilipolala. Anayejua kusoma maelekezo na mwenye subira ya jioni moja anaweza kuzitumia zote mbili. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizokwishatumika. Diski 129 zilisomeka, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Mwaka 2009 kipindi cha FRONTLINE cha televisheni ya Marekani kilionyesha diski iliyonunuliwa Ghana, ikiwa na hati za mikataba ya kampuni ya ulinzi ya Northrop Grumman. Mwaka 2022 Morgan Stanley ilikubali kulipa dola milioni 35 kwa mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani, kwa sababu vifaa vyake vilikabidhiwa kwa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi wa kuharibu data, na baadhi vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni na taarifa za wateja ndani yake. Vifaa vilivyotumika Ulaya na Marekani huishia katika maduka ya Afrika Mashariki pia, na ofisi zetu nazo huuza zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zinamdai anayeshika taarifa za watu azilinde.

Ni haki kusema pia kwamba udhaifu huuhuu umewaokoa wengi. Anayeandika jina la diski sda akikusudia sdb, akafuta jedwali la diski isiyohusika, hajapoteza faili zake iwapo ataacha kuandika chochote juu yake. Kama patisheni zilikuwa zinatumika na mashine haijazimwa, kerneli ya Linux bado inaishika mipaka ya zamani kichwani, na inawezekana kuisoma ndani ya /sys na kuiandika upya. Kinachomponza ni pupa ya kuwasha upya na kusimika mfumo mwingine juu yake.

Basi tufute diski nzima? Kwa diski za sumaku jibu ni ndiyo, na kazi si kubwa kama inavyosimuliwa. Kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti moja inajazwa sifuri kwa muda usiofika saa mbili. Ile hadithi ya kupitia mara 35 inatokana na makala ya Peter Gutmann ya 1996, ambayo ilikusanya mbinu za diski za aina nyingi za wakati huo. Gutmann mwenyewe baadaye alilalamika kwamba watu wameigeuza kuwa uganga. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliorekebishwa mwaka 2014 uliona mpito mmoja kwa kawaida unatosha. Diski za SSD ndizo zinazovuruga hesabu. Humo kidhibiti cha ndani huamua data ikae wapi, na huweka akiba ya nafasi ambayo dd haiioni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka 2011 kwamba kuandika juu ya eneo lote linaloonekana hakukutosha mara zote, na hata amri za kufuta zilizojengwa ndani ya baadhi ya vifaa zilikuwa na kasoro. Kwa upande mwingine, mkfs.ext4 huiambia SSD kwa kawaida yake kwamba nafasi yote imeachwa wazi, na kifaa kikitii, kuunda upya kwa sekunde chache huweza kuua data kweli. Huweza: hilo si neno la kuwekea dhamana siri za wateja.

Wengine huona dawa ni nyundo. Nyundo inafaa kwa diski mbovu, lakini kuvunja nzima ni kuinyima shule au mwanafunzi kompyuta kwa kosa la aliyeshindwa kujipanga mapema. Na kujipanga huko kupo: kusimba diski tangu siku ya kwanza, kwa LUKS katika Linux au GELI katika FreeBSD. Hapo mambo yanapinduka. Kichwa cha LUKS2 kwa kawaida huchukua megabaiti 16, na ndimo ufunguo mkuu unamohifadhiwa, wenyewe ukiwa umesimbwa kwa nenosiri la mtumiaji. Amri ya cryptsetup luksErase inafuta nafasi zote za funguo humo kwa kufumba na kufumbua, na terabaiti iliyobaki inakuwa kelele tupu hata kwa mwenye nenosiri. Udogo wa kilichofutwa, kwa hiyo, haukuwa kosa la wale wa baiti 64. Walifuta ramani, na ramani huchorwa upya na yeyote atakayeizunguka nchi. Ufunguo uliozaliwa kwa bahati nasibu hauna pa kurudiwa. SSD nayo huenda ikabakiza vipande vya kichwa cha zamani katika ile akiba yake, lakini nenosiri likiwa imara vipande hivyo havimfikishi mtu mbali. Anayestaafisha mashine namna hii abaki na swali moja la kujiuliza kabla ya kuikabidhi: je, siku ya kuiandaa, fundi alitoa nakala ya kichwa hicho kwa luksHeaderBackup, na flashi iliyoibeba iko kwenye droo ya nani?