Ulimbo na Utepe wa Gundi

Katika vijiji vya pwani, tangu Kilwa Kivinje hata Lindi, wavulana wamejua tangu zamani kutega ndege kwa ulimbo. Mtu hugema utomvu wa mti, kama vile mfenesi au mtoria, huutengeneza hata uwe mzito wa kunata, kisha huupaka juu ya kijiti na kukiweka mahali ndege wapendapo kutua. Ndege ajapo, hutua pasipo kuona hatari. Uzito wake mwenyewe huvikandamiza vidole vyake katika ulimbo, na anapotaka kuruka hujiona amekwisha kamatwa.

Mtego huu ni kitu kidogo, lakini ndani yake mna elimu kubwa. Viwanda vya dunia hutumia ulimbo kila siku, ila huupaka juu ya karatasi, nguo au plastiki nyembamba, na kuiviringisha kama utepe. Utepe huo ndio watu wengi wauitao selotepu. Tepe za namna hiyo hufunga maboksi, hufunika vidonda, huzungushwa katika nyaya za umeme, na hushikamanisha sehemu za simu na za motokaa. Walakini si zote zifanyazo kazi moja. Mtengenezaji achaguaye utepe usiofaa huweza kupoteza kazi ya watu wengi kwa ajili ya kitu cha senti chache. Kwa hiyo yampasa kujua jinsi utepe ushikavyo, na namna ya kuuchagua.

1. Gundi za namna mbili

Gundi zote zaweza kugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la gundi zikaukazo. Mtu apikapo uji wa unga wa muhogo ili kubandika karatasi, au seremala achemshapo gundi ya ngozi na mifupa, gundi hiyo huwa majimaji kwanza, kisha hukauka na kuwa ngumu. Ikikauka ndipo ishikapo.

Fungu la pili ni la ulimbo. Ulimbo haukauki. Hauhitaji maji wala moto. Hushika kwa kubanwa tu. Sababu yake ni hii: ulimbo una tabia mbili pamoja, tabia ya asali na tabia ya mpira. Ukibanwa polepole hutiririka kama asali, ukaingia katika vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila kitu, hata kioo, kina vishimo vya namna hiyo. Gundi ikikikaribia sana kitu, chembe zake na chembe za kitu kile huvutana. Lakini ukivutwa kwa ghafula, ulimbo hukaza kama mpira na kukataa kuachia. Ndiyo maana ndege hutua kwa urahisi, asiweze kuruka.

Kwa hiyo mtu abandikaye utepe pasipo kuukandamiza ameacha nusu ya kazi. Katika viwanda utepe hupitishiwa gurudumu zito ili kila sehemu yake iguse barabara.

2. Mpira wa pwani na utepe wa kwanza

Moyo wa ulimbo wa viwandani ulikuwa mpira, na nchi ya Kilwa na Lindi iliujua mpira mapema. Katika misitu iliyo nyuma ya pwani humea mtoria, mmea utambaao juu ya miti mikubwa na kuzaa matunda watoto wayapendayo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, watu waliukata mmea huo, wakakusanya maziwa yake, wakayagandisha na kuyaviringisha kuwa matufe, wakayachukua pwani kuyauza. Mpira huo ulipelekwa Unguja, na kutoka huko Ulaya na Marekani. Lakini wengi waliikata mitoria ovyo pasipo kufikiri mwaka ujao, hata ikapungua sana. Baadaye mashamba ya mpira yalipandwa, lakini mwaka 1913 bei yake ilianguka. Mpira mwingi wa asili utumiwao sasa hutoka Asia.

Pwani hiyo hiyo ilitoa pia sandarusi, yaani utomvu wa kale wa mti wa msandarusi, uliofukiwa mchangani hata ukawa mgumu kama jiwe. Wafanya biashara wa Salem, mji wa Marekani, waliinunua sana Unguja, na huko kwao ikafanywa vanishi ya kung'arisha mbao. Sandarusi ni ya fungu la kwanza: huyeyushwa, hupakwa, hukauka, nayo ikikauka hainati tena. Hivyo katika bandari za pwani moja zilipita bidhaa za mafungu yote mawili.

Mpira peke yake haunati vya kutosha. Ukichanganywa na utomvu laini, kama wa msunobari, hugeuka kuwa ulimbo hasa: mpira hutoa nguvu, na utomvu hutoa mnato. Mwaka 1845, huko Marekani, William Shecut na Horace Day walipewa hati ya serikali kwa ajili ya plasta ya namna hiyo, ya kubandika juu ya mwili.

Miaka themanini baadaye, mtu mmoja jina lake Richard Drew alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya 3M katika mji wa St. Paul. Aliwaona wapaka rangi za motokaa wakisumbuka. Walitaka kupaka gari rangi mbili, nao waliifunika rangi ya kwanza kwa karatasi na gundi. Lakini walipoibandua karatasi, rangi iling'oka pamoja nayo, kazi ikawa ya kurudiwa. Shida yao haikuwa kukosa gundi kali, maana walikuwa na gundi kali kupita kiasi. Drew alitafuta utepe ushikao vya kutosha, kisha uachie bila kudhuru. Mwaka 1925 alipata ule wa karatasi, na mwaka 1930 akatoa ule wa selofani upitishao nuru.

Kisa hiki chafundisha neno kubwa. Utepe bora si ule unatao kupita zote. Ni ule ushikao kwa kadiri ya kazi yake.

3. Maswali matano ya mwenye kuchagua

Mtengenezaji mwenye busara hajiulizi kwanza, "Bei yake ni ngapi?" Hujiuliza maswali matano mengine.

La kwanza: Utepe utabandikwa juu ya kitu gani? Kioo, chuma na mbao iliyopigwa vanishi hushikwa kwa urahisi. Mfuko wa plastiki laini ni mgumu kushikwa, maana chembe zake hazivuti gundi nyingi. Ukuta wenye mikwaruzo huhitaji utepe mnene, gundi yake ipate kujaza mabonde. Tena kitu lazima kiwe safi na kikavu. Kila mvulana ajua ya kuwa kijiti chenye vumbi au umande hakinasi ndege. Vivyo hivyo utepe uliobandikwa juu ya vumbi umeshika vumbi. Na vumbi likitoka, utepe hutoka nalo. Karibu na bahari pana adui mwingine, yaani chumvi iletwayo na upepo, ambayo huvuta unyevu wa hewa.

La pili: Utavutwa kwa njia gani? Utepe ukivutwa ukingoni kuelekea juu, kama mtu amenyavyo ndizi, nguvu yote hukusanyika mahali pamoja membamba, nao hubanduka upesi. Ukivutwa kwa ubapa, nguvu hugawanyika katika gundi yote, nao hustahimili sana. Fundi hodari huutengeneza ungo wake hata mvuto uwe wa ubapa. Lakini akumbuke ya kuwa gundi ni kama asali: mzigo uliotundikwa juu yake mchana na usiku huweza kuiteremsha polepole, hata siku moja ukaanguka bila kuguswa na mtu.

La tatu: Utakaa mahali gani? Gundi ya mpira hushika mara moja, hata juu ya plastiki nyingi, nayo si ghali. Lakini jua, joto na hewa huizeesha, ikawa ya manjano, ikakauka na kupasuka. Gundi iitwayo akriliki hushika kwa uvivu mwanzoni. Huenda ikataka siku moja au tatu kufikia nguvu zake, lakini hustahimili jua kwa miaka mingi. Gundi ya silikoni hustahimili joto lipitalo nyuzi 200 za sentigredi, lakini ni ghali sana, na kuitumia mahali pasipo na joto kali ni kutupa fedha.

La nne: Utakaa kwa muda gani, na je, utabanduliwa? Plasta ya kidonda lazima ishike mtu anapotembea na kutoka jasho, kisha ibanduliwe pasipo kuchuna ngozi. Kibandiko cha jina juu ya mtambo lazima kidumu miaka yote ya mtambo ule. Mmoja akipewa utepe wa mwenzake, wote wawili watapata hasara.

La tano: Mgongo wake ni wa namna gani? Mgongo ni ile karatasi, nguo au plastiki iliyobeba gundi. Karatasi hukatika kwa mkono, lakini hunyonya maji. Plastiki haipitishi maji, lakini nyingine huvutika. Nguo ina nguvu nyingi. Utepe wa nyaya za umeme lazima uwe na mgongo usiopitisha umeme wala kushika moto upesi, maana hapo kosa huweza kuteketeza nyumba.

4. Mfano wa boksi la korosho

Na ufikiriwe mfano mmoja. Lindi ni nchi ya mikorosho. Mkulima amepalilia, ameokota na kukausha. Wabanguaji wamebangua, wamemenya na kuchagua kokwa nzima na zilizovunjika. Kokwa nzuri zimetiwa katika mifuko, na mifuko katika maboksi ya karatasi ngumu, kila moja lenye uzito wa kilo ishirini na zaidi. Sasa yamebaki maboksi kufungwa, nayo yatasafiri katika lori na katika meli.

Mwenye kiwanda asiyefikiri hununua utepe ulio rahisi kupita zote, wenye gundi chache na mgongo mwembamba. Siku ya kwanza maboksi yote yaonekana yamefungwa vizuri. Lakini boksi lililojaa husukuma vifuniko vyake juu daima, na mvuto huo hauchoki. Joto la lori hulainisha gundi, na unyevu wa bahari huingia katika karatasi. Baada ya siku chache kingo za utepe huanza kuinuka. Boksi hufunguka, wadudu na maji hupata njia, na korosho zilizokuwa nyeupe huharibika. Taabu ya msimu mzima imepotea katika upana wa vidole vitatu.

Mwenye kufikiri huanza na boksi lenyewe. Hupangusa vumbi la maganda na mafuta ya korosho. Huchagua utepe mpana, wenye gundi ya kutosha na mgongo usiovutika kwa urahisi. Huupitisha katikati ya mwanya wa vifuniko, akaushusha ubavuni pande zote mbili, ili mvuto uwe wa ubapa. Kisha huukandamiza kwa mkono au kwa gurudumu. Akiona karatasi ya boksi ina vumbi la nyuzi hata utepe hautaki kushika, huuacha kabisa, akatumia utepe wa karatasi wenye gundi ya wanga iloweshwayo kwa maji. Gundi hiyo huingia katika nyuzi za boksi na kukauka humo, hata mwenye kuubandua lazima aichane karatasi. Kujua mahali ambapo ulimbo haufai ni sehemu ya elimu ya ulimbo.

Wala hategemei maneno ya muuzaji tu. Hufunga maboksi machache yenye mzigo, akaweka moja juani, moja mahali penye unyevu, na moja chini ya mengine mazito, akangoja siku saba. Lile lifungukalo humfundisha bila gharama kubwa.

5. Mwisho

Wazee husema: Rahisi huvunja upishi. Utepe ni kitu kidogo mno, na katika hesabu ya kiwanda hauonekani kuwa kitu. Walakini kazi ya mkulima, ya mbanguaji na ya mchukuzi yaweza kutegemea huo mmoja. Mtego wa ndege hutegwa na mtu ajuaye ndege gani atatua, kijiti gani atatua juu yake, na jua litakuwaje saa ile. Mwenye kuchagua gundi naye afanye vivyo hivyo.

MASWALI

1. Kwa nini ulimbo hufananishwa na asali na mpira?
2. Sandarusi ni ya fungu gani la gundi, na kwa sababu gani?
3. Shida ya wapaka rangi aliowaona Richard Drew ilikuwa nini?
4. Utepe wa kubandika tangazo nje juani ungekuwa wa gundi gani? Eleza sababu.
5. Bandika vipande viwili vya utepe juu ya kioo, kimoja kikiwa kimekandamizwa na kimoja hakikukandamizwa. Vibandue kesho, ukaandike uliyoyaona.